Mwenye konsesioni ajifunze moto kwanza

KUTOKA MLIMANI
Na Furaha Nabintu

Mwezi wa saba ukifika, milima inayoizunguka Bukavu inawaka usiku. Mistari ya moto inapanda polepole, inagawanyika, inakutana tena, na asubuhi mama anakung'uta majivu kwenye nguo alizoanika jana. Tumezoea kumlaumu mkulima mdogo, mfugaji au vijana wanaowinda panya. Leo nataka kusema na mtu mwingine: mwenye konsesioni anayekaa mjini.

Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya serikali; mtu anapewa haki ya kuitumia. Lakini mwenye sertifika ya hekta za malisho, chai au mikaratusi huko Walungu, Kabare au Kalehe ana nguvu kuliko jirani yeyote. Na namna anavyotumia moto ni kupiga simu: anamwambia kapita, msimamizi wake: «Choma ile nyasi, ng'ombe wanakonda.» Haulizi upepo unatoka wapi, wala nani amelima ng'ambo ya mpaka.

Niliwahi kufika Ngweshe siku moja baada ya moto wa namna hiyo. Mama mmoja alinionyesha shamba lake la mihogo: mashina meusi, sombe yote imekwisha, na vipandikizi alivyovifunga na kuviweka chini ya mti akisubiri mvua ya Septemba vimekuwa makaa. Shamba lilikuwa la bwasa, yaani la kukodi, na kodi ya msimu alikuwa ameshailipa. Kapita alisema alitumwa. Bosi alisema hakuwapo. Yule mama hakulipwa hata kikapu cha unga.

Kukataza peke yake hakujatufikisha popote. Kila kiangazi tangazo linasomwa redioni na kila kiangazi milima inawaka, kwa sababu nyasi kavu lazima ziondoke na moto ndio kifaa cha bei rahisi kuliko vyote. Basi tufundishe kuchoma kwa mpango, kwa njia ya simu, na tuanze na mwenye ardhi, kwa sababu simu kubwa anayo na mega ananunua. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, agronomu hawezi tu kupanda pikipiki kwenda Mwenga au Fizi. Somo la sauti kwa WhatsApp, kwa Kiswahili na Mashi, linaweza kufika asipofika yeye. Taasisi ya utafiti INERA pale Mulungu ina watafiti wa kilimo. Chuo Kikuu cha Kiinjili (UEA) na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu vina vitivo vya kilimo. Kazi hii wanaiweza.

Somo lenyewe si la ajabu. Mchana upepo hutoka ziwani na mabondeni kupanda mlima; jioni hugeuka, ukashuka. Moto nao hupenda kupanda: wanaoufahamu hukadiria kwamba mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi yake inakaribia mara mbili. Kwa hiyo anayewasha chini ya mlima saa nane mchana amejitakia maafa. Anayejua hulima kwanza mkanda mtupu kuzunguka sehemu yake, huwaarifu majirani siku moja kabla, hungoja umande ukauke asubuhi, kisha huwasha juu ili moto ushuke taratibu dhidi ya upepo. Watu wanasimama kandokando na matawi mabichi na bidoni za maji. Kabla ya hapo anashika nyasi mkononi na kuzifinya. Zikipinda, kazi inaweza kuanza. Zikivunjika na kuwa unga, amechelewa, arudi nyumbani.

Mambo ya kuchelewa yalipimwa zamani, tena si mbali na nchi yetu. Karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, watafiti wa misitu walianza mwaka 1933 kugawa pori la miombo: sehemu moja ichomwe mwanzoni mwa kiangazi, nyingine mwishoni, nyingine isiguswe na moto kabisa. Palipochomwa mwishoni, mwaka baada ya mwaka, miti ilikufa na nyasi zikatawala. Palipochomwa mapema miti ilivumilia, na palipokingwa msitu ukazidi kuwa mzito. Kwa malisho ya bonde la Ruzizi, hilo ni funzo la kuchukua kama lilivyo.

Kwa milima ya Bushi ninasita. Mteremko mkali uliochomwa Agosti unapokea mvua ya Septemba ukiwa uchi, na udongo unashuka mtoni. Mahali hapo majani yakatwe na kulazwa juu ya shamba. Kando ya Kahuzi-Biega moto usiwashwe kabisa: mianzi ya juu ikishika haizimwi kwa matawi, na kwenye vinamasi vya huko udongo wa mboji unaweza kuungua chini kwa chini siku nyingi. Kozi isiyomfundisha mtu wapi asichome sioni faida yake.

Huko Florida, Marekani, sheria ya mwaka 1990 inamlinda mahakamani mwenye cheti cha kuchoma aliyeandika mpango wake na kupata kibali kabla ya kuchoma. Nadharia anaweza kuisoma kwenye kompyuta, lakini lazima aonyeshe pia kwamba ameongoza moto halisi. Hapo ndipo nina wasiwasi na kozi za simu tupu. Bosi anaweza kufaulu maswali yote akiwa sebuleni Muhumba, halafu kiberiti kikashikwa na kapita ambaye hakusikia hata somo moja. Cheti kitolewe kwa wawili pamoja, baada ya siku moja shambani mbele ya agronomu na shefu wa kijiji, na majirani waalikwe. Jina la mwenye konsesioni liandikwe kwenye kibali, ili moto ukivuka mpaka ajulikane wa kulipa.

Masomo yaanze Aprili. Mkanda ulimwe Mei udongo ungali laini, na kuchoma kuishe katikati ya Juni. Wenye konsesioni mnaosoma safu hii, makapita wenu mnao kwenye simu. Wapigieni wiki hii muwaulize ni akina nani wamelima mpakani mwenu.