Mwanariadha Kizimbani na Kalamu Inayomtangulia Hakimu

Abiria atokaye Nairobi akielekea Nyeri hupitia Sagana, mji mdogo wa Kirinyaga ambapo njia hugawika, moja ikashika Karatina na nyingine ikachepuka kwenda Kagio na Kutus. Kwa sababu hiyo habari hufika Sagana mapema na kusambaa upesi. Mwanzoni mwa Januari 2011, nikiwa mwanafunzi aliye likizoni, niliwakuta watu kwenye steji ya matatu wamelizunguka gazeti moja. “Wanjiru amefungwa,” mmoja akatangaza. “Bunduki ilipatikana kwake,” wa pili akaongeza. Gari letu lilipojaa, kesi ilikuwa imekwisha kusikizwa na hukumu kutolewa.

Ukweli ulikuwa tofauti. Samuel Wanjiru, mzaliwa wa Nyahururu, ndiye Mkenya wa kwanza kushinda nishani ya dhahabu ya marathoni katika Olimpiki. Alifanya hivyo Beijing mwaka 2008 kwa muda wa saa 2:06:32, akiwa na umri wa miaka 21. Mwishoni mwa Desemba 2010 alishtakiwa kwa madai ya kutishia kumuua mkewe na kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Aliyakanusha mashtaka hayo, akaachiliwa kwa dhamana. Hakuwa amefungwa. Mnamo Februari 2011 mkewe aliondoa malalamiko yake, lakini shtaka la bunduki likabaki. Tarehe 15 Mei mwaka huo Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24, na mahakama haikuwa imesema lolote la mwisho kuhusu shtaka hilo. Pale steji hukumu ilikuwa imetoka zaidi ya miezi minne kabla.

Nia yangu katika makala haya si kumtakasa marehemu wala kumtia hatiani. Sina ushahidi wa kufanya lolote kati ya hayo mawili. Ninalotaka kudai ni kwamba mwanariadha wetu anapokabiliwa na sheria, lugha humdhulumu mara mbili. Kwanza hukabiliwa na kanuni zilizoandikwa kwa lugha asiyoimudu. Kisha husimuliwa kwa umma katika lugha anayoielewa barabara, Kiswahili, kwa maneno yanayomfunga kabla hakimu hajafungua jalada. Dhuluma zote mbili zinatuhusu sisi tunaojiita wana wa Kiswahili.

Tuanze na dhuluma ya pili, kwani ndiyo iliyo mikononi mwetu. Kiswahili hakina uhaba wa istilahi za mahakama. Mtu anayedhaniwa kutenda kosa ni mshukiwa. Akisomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa. Hawi mhalifu hadi mahakama imtie hatiani, na hawi mfungwa hadi ahukumiwe kifungo. Hizi ni hatua nne, na kila moja ina neno lake. Hata hivyo, sikiliza matangazo ya michezo redioni au usome kurasa za mwisho za magazeti. Mshukiwa na mshtakiwa hutumiwa kana kwamba ni visawe. Aliyekamatwa huitwa aliyefungwa. Shtaka linapoondolewa, mwandishi huandika kwamba mwanariadha “ameponyoka” au “amenusurika”, maneno yanayodokeza kwamba kifungo kilikuwa stahili yake na bahati tu ndiyo iliyomwokoa. Mtangazaji aliyezoea kusimulia mbio hutaka kila habari iwe na mshindi na aliyeanguka. Mahakama, kwa bahati mbaya, haina utepe wa mwisho unaoonekana kwa mbali.

Jambo hili si la adabu ya lugha pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 50, inampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia hadi kinyume chake kithibitishwe. Haki hiyo huishi au hufa katika uteuzi wa vitenzi. Mwandishi anayeandika “alimtishia mkewe” badala ya “anadaiwa kumtishia mkewe” ametoa hukumu kwa kuacha neno moja.

Upotoshaji huu umekithiri zaidi katika kadhia za dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Kwa miaka mingi tumetumia kifungu “dawa za kusisimua misuli” kwa kosa lolote la aina hiyo. Kifungu hicho kinatupotosha. Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alipopatikana na EPO mwaka 2014, dawa yenyewe haikuwa na kazi ya kusisimua misuli. Huongeza chembe nyekundu za damu zinazosafirisha oksijeni. Tena lipo kosa lisilohusu dawa kabisa. Mwanariadha wa ngazi ya juu hutakiwa kueleza kila siku atakapopatikana kwa muda wa dakika 60. Akikosea mara tatu katika miezi 12, ametenda kosa. Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013, alipigwa marufuku ya miaka minne mwaka 2020 kwa kutopatikana na kwa kutoa maelezo ya uongo kuhusu sababu zake. Hakupatikana na dawa yoyote. Kosa lake lilikuwa zito na alistahili kulijibu, lakini lilikuwa kosa jingine. Tukilitia makosa yote katika kapu moja la “misuli”, msomaji wa Karatina au Kerugoya hawezi kujua jirani yake ameshtakiwa kwa lipi.

Sasa tuigeukie dhuluma ya kwanza. Kutoka Nyahururu hiyohiyo alitokea John Ngugi, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 mwaka 1988 na mshindi mara tano wa mbio za nyika za dunia. Mwaka 1993 ofisa wa vipimo alimwendea nyumbani bila kutarajiwa, naye akakataa kutoa sampuli. Alipigwa marufuku ya miaka minne. Utetezi wake ulikuwa kwamba hakuwa ameelezwa utaratibu huo wa kupimwa nje ya mashindano. Baadaye adhabu ilipunguzwa, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na hakurudi tena kileleni. Sidai kwamba waraka mmoja wa Kiswahili ungaliokoa taaluma yake. Nasema tu kwamba kanuni isiyofikishwa kwa mtu katika lugha anayoielewa ni mtego, hata kama aliyeitunga alikuwa na nia njema.

Tangu siku za Ngugi mengi yametendeka. Kenya ilitunga Sheria ya Michezo mwaka 2013, ikapata jopo la kutatua mizozo ya michezo, na mwaka 2016 ikapitisha sheria ya kupambana na dawa hizo. Katiba, katika Kifungu cha 49, inasema anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Msingi wa kisheria upo. Kinachopungua ni wajenzi, na hapa ndipo idara zetu zinapopaswa kujiuliza zimefanya nini.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wapo watakaosema kwamba lugha ya tahadhari ni kichaka cha mashujaa, na kwamba ikiwa kila tendo ni “madai” basi wenye nguvu watatamba. Pingamizi hili lina uzito. Agnes Tirop alipouawa kwa kudungwa kisu nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wapo waliokiita kisa hicho “ugomvi wa mapenzi”. Maneno hayo laini hufunika damu. Lakini tazama vyema: kosa ni lilelile. Anayemwita mshtakiwa mhalifu na anayeyaita mauaji ugomvi wote wamekwepa neno sahihi. Usahihi humlinda mshtakiwa na humlinda pia mlalamishi, kwa maana huyataja mauaji kuwa mauaji na huiachia mahakama kazi ya kumtaja muuaji. Mgala muue na haki yake umpe.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa chama kama chetu. Mosi, tutafsiri kanuni za vipimo na haki za mwanariadha katika Kiswahili chepesi, tukisaidiwa na wanasheria, kisha kijitabu hicho kifikishwe kambini Nyahururu, Iten na kwingineko. Pili, tuandae orodha fupi ya istilahi za mahakama kwa watangazaji na waandishi wa michezo, wengi wao wakiwa wahitimu wa madarasa yetu wenyewe. Tasnifu kuhusu mitindo ya matangazo ya kandanda tunazo. Tuandike na moja itakayomfaa kijana anayekimbia alfajiri kando ya barabara ya Nyeri.

Siku moja kijana huyo huenda akagongewa mlango na ofisa wa vipimo, au akasomewa mashtaka. Siku hiyo aelewe anachoambiwa. Na gazeti litakapofika Sagana, mtu wa steji aweze kusoma kwamba ameshtakiwa, ajue maana yake, na apande gari bila kumfunga.