Mtandao wa kasi vijijini: ahadi za Kinshasa zihesabiwe kijiji kwa kijiji

Kila mara serikali inapozungumzia mtandao wa kasi, hesabu inayotajwa ni ileile: kilometa za fibra optiki, idadi ya minara, mamilioni ya dola. Huko Shabunda, Walikale ao Fizi, wakaaji wana hesabu yao tofauti. Wao wanahesabu saa za kutembea mpaka kwenye kilima ambako rezo inapatikana, franka za kuchaji simu kwa mwenye sola, na siku ambazo mnara wa karibu unazimika kwa kukosa mazutu. Mpango wa kupeleka intaneti vijijini ukipimwa kwa hesabu ya kwanza peke yake, utafaulu kwenye karatasi na kushindwa kijijini.

Karatasi hazikosekani. Mwaka 2019 nchi ilipata Mpango wa Taifa wa Dijitali, uliopewa jina la Horizon 2025. Tarehe 25 Novemba 2020 ilitiwa saini sheria namba 20/017 kuhusu mawasiliano, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 2002. Sheria hiyo mpya iliweka Mfuko wa Maendeleo ya Huduma kwa Wote, unaojulikana kwa herufi FDSU. Maana yake ni nyepesi: kampuni za simu zinachangia sehemu ya mapato yao, na pesa hizo zinakwenda kule ambako biashara peke yake haiwezi kufika. Mwaka 2025 uliokuwa kwenye jina la mpango ulifika, na bado kuna vijiji vingi vya mashariki ambako hata kupiga simu ya kawaida ni safari, licha ya kufungua video ya masomo.

Sababu zinajulikana. Katika nchi yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba milioni 2.3, takriban mtu 1 tu kati ya 5 anapata umeme, na vijijini umeme wa serikali karibu haupo kabisa. Mnara bila umeme unaishi kwa mazutu. Mazutu yanahitaji barabara, na barabara nyingi za Kivu na Maniema hazipitiki wakati wa mvua. Shabunda-katikati inalishwa zaidi kwa ndege ndogo: chumvi, sabuni, dawa, na mafuta pia. Kampuni ikipiga hesabu ya kusimamisha mnara, kuulinda na kuulisha kwa ajili ya wateja wanaonunua uniti za franka 500, inaona hasara na inabaki mjini. Ndiyo maana mfuko uliwekwa. Kama hauendi huko, hauna kazi nyingine ya kuufanya uitwe wa watu wote.

Umeme wa jua umeanza kubadili hesabu hiyo. Mwaka 2025, Vodacom na Orange, kampuni zinazoshindana kila siku mjini, zilitangaza kushirikiana katika kujenga minara ya sola vijijini nchini Congo. Ni jambo jema, na serikali ina la kujifunza hapo: mnara mmoja ukitumiwa na kampuni zaidi ya moja unapunguza gharama kwa wote. Lakini kampuni mbili zikichagua zenyewe mahali pa kujenga, zitaanza penye soko kubwa. Kijiji cha mwisho kwenye njia kitabaki cha mwisho, isipokuwa kama serikali inasema wazi ni wapi pesa za mfuko zitaongezwa.

Jiografia nayo inadai mpango wa mashariki usiandikwe kwa kutazama magharibi tu. Waya wa baharini wa WACS uliingia nchini kupitia Muanda, na ulizinduliwa mwaka 2013. Kutoka Muanda hadi Goma ni karibu kilometa 2,000 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Goma hadi Mombasa, ambako nyaya kadhaa za Bahari ya Hindi zimefika tangu mwaka 2009, ni kama kilometa 1,200. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mtandao wa Kivu hupitia nchi jirani. Siasa ikiharibika mpakani, na mtandao uko mashakani. Nchi inahitaji njia yake ya fibra kutoka Muanda kuja mashariki, na inahitaji pia zaidi ya mlango mmoja upande wa mashariki. Kuchagua kimoja na kuacha kingine ni kuwaacha wakaaji wa Kivu na Ituri wakitegemea uzi mmoja.

Wanaodhani intaneti ya kijijini ni anasa wamtazame muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Kila mwezi anatakiwa kutuma takwimu za wagonjwa, chanjo na uzazi, ambazo ofisi ya zoni ya afya huingiza katika mfumo wa kompyuta. Pasipo rezo, takwimu hizo zinasafiri kwenye karatasi, kwa miguu ao kwa pikipiki. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kila siku ya kuchelewa kwa habari ya mgonjwa mmoja ilikuwa nafasi ya ugonjwa kuingia nyumba nyingine. Uvumi nao haukuhitaji mnara ili usambae.

Wamtazame mwalimu anayeacha darasa siku kadhaa ili afuate mshahara wake mjini, ambapo simu ingeweza kumfikishia pesa hizo kijijini. Wamtazame mkulima wa kakao wa Beni ao wa Mambasa: bei ya kakao duniani ilipopanda sana mwaka 2024, mnunuzi alijua bei ya London ya asubuhi ile, na mkulima wa ndani ya pori alijua tu bei aliyoambiwa na mnunuzi. Wamtazame mama wa kijiji kilicho kwenye njia ya waasi wa ADF. Kwake, simu inayoita kwa wakati ni tofauti kati ya kukimbia usiku na kukutwa nyumbani.

Pamoja na hayo, serikali isishangae wakaaji wakipokea ahadi mpya kwa shingo upande. Mwezi wa Septemba 2020 ilianza kodi ya RAM, iliyokatwa moja kwa moja kwenye uniti: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu za 3G na 4G. Mwenye duka mjini alikatwa, na mchimba dhahabu aliyepanda mlima kutafuta rezo alikatwa vilevile. Baada ya hasira kubwa, kodi hiyo iliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2022. Wengi wanakumbuka pia kwamba tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima na kurudi karibu wiki 3 baadaye. Mtu aliyelipia rezo asiyoipata, kisha akaona ile kidogo aliyonayo inazimwa kwa amri, ana haki ya kuuliza pesa za mfuko mpya zinalindwa na nani.

Kuna wanaojibu kwamba vita haviruhusu. Ni kweli kwamba M23 inashikilia Goma na Bukavu tangu Januari na Februari 2025, na kwamba mnara unaosimama njiani mwa vita unaweza kuzimwa ao kuharibiwa. Lakini si teritware zote za mashariki ziko mikononi mwa waasi. Kule ambako utawala wa serikali bado upo, vita si sababu ya kungoja. Ni sababu ya kuharakisha, maana hapo ndipo wakimbizi wanapofikia na ndipo habari za uongo zinapopata masikio. Na kwa sehemu zilizokaliwa, sehemu yao ya mfuko iandikwe na ihifadhiwe. Mkaaji wa Masisi hakuacha kuwa Mkongomani kwa sababu mji ulibadili mikono.

Wala fibra na minara si njia pekee. Mwezi wa Machi 2024, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, ilikumbusha kwamba Starlink haikuwa na ruhusa nchini. Mei 2025 ikaipa leseni. Setelaiti inaweza kufika mahali ambapo waya utachelewa miaka, lakini bei ya mashine na ya kila mwezi haimfai mkulima mmoja mmoja. Inaweza kufaa shule, hospitali ya rufaa na soko vikichangia pamoja. Kisiwa cha Idjwi kilishaonyesha njia miaka ya nyuma kwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net: wakaaji waligawana rezo moja badala ya kungoja kila mmoja apate yake. Sheria ingepaswa kufanya miradi midogo ya namna hiyo iwe rahisi kuandikisha, na mfuko ungepaswa kuisaidia.

Kinachotakiwa sasa hakihitaji mkutano mwingine kwenye hoteli ya Kinshasa. Serikali itangaze orodha ya vijiji vitakavyofikiwa, teritware kwa teritware, katika zote 145, pamoja na mwaka wa kila kimoja. FDSU ichapishe kila mwaka kilichoingia na kilichotoka, na wabunge wa majimbo wapewe orodha hiyo ili waifuate uwanjani. Mkataba wa kila mnara utaje umeme wake, anayeutunza, na bei ya mega ambayo mkulima anaweza kulipa. Mnara uliozimika miezi sita usihesabiwe kuwa mnara.

Ahadi ni deni, na deni hili lina majina ya vijiji. Siku orodha itakapobandikwa kwenye ofisi ya teritware, wakaaji watajua wamdai nani, na serikali itajua kwamba inahesabiwa.