Wanaoganda nyuma ya wenzao wadhibitiwe kabla ya safari za Desemba

Wiki chache zijazo barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha kupitia Chalinze na Segera itafurika. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Familia zinafunga mizigo kwenda kula sikukuu nyumbani, mabasi yanaongezwa, magari madogo ambayo mwaka mzima hayakuvuka Kibaha yanaingia njia kuu, na malori ya mizigo hayapumziki. Mvua za vuli nazo zinakuwa bado zinanyesha. Madereva wataonywa kuhusu mwendokasi kama wanavyoonywa kila msimu, na onyo hilo tunaliunga mkono. Lakini ipo hatari nyingine kwenye lami hiyo hiyo ambayo karibu hakuna anayeikemea, nayo ni ya dereva kuliganda gari lililo mbele yake.

Kila msafiri anaijua. Uko kwenye kilomita 80 kwa saa, mbele yako kuna lori, na huwezi kulipita kwa sababu kuna kona na mstari wa katikati haukatiki. Mara kioo cha kati kinajaa uso wa basi. Dereva wake anawasha na kuzima taa, anapiga honi, anachungulia upande wa kulia, anarudi, anachungulia tena. Amesogea kiasi kwamba huoni hata namba zake za usajili. Usiku ni balaa zaidi, maana taa kali zikikupiga kwenye vioo unaendesha nusu kipofu, na tangu mwaka 2023 mabasi ya masafa marefu yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, waliomo kwenye hatari hiyo ya gizani ni wengi kuliko zamani.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho anahitaji sekunde moja hadi moja na nusu kuona taa nyekundu za mbele, kuelewa kinachotokea na kuhamisha mguu. Muda huo gari limeshakwenda mita 22 hadi 33 na breki bado haijaguswa. Gari dogo lenye breki nzuri na matairi mazima, kwenye lami kavu, litahitaji zaidi ya mita 50 mpaka lisimame kabisa. Basi lililojaa abiria au semi-trela litakwenda mbali zaidi, kwa sababu ya uzito wake na kwa sababu breki za upepo nazo huchelewa kidogo kushika. Lami ikilowa, umbali huo unaweza kufika mara mbili. Sasa liweke basi hilo mita sita nyuma ya gari la mbele. Uzoefu wa miaka 20 kwenye usukani haufuti hesabu hiyo.

Na kwenye barabara zetu gari la mbele lina sababu nyingi za kufunga breki ghafla. Bodaboda anaibuka kutoka njia ya vumbi bila kutazama. Ng'ombe wanavuka. Lori limeharibika katikati ya njia, na onyo pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa hatua chache nyuma yake. Kisha kuna kibao cha 50. Dereva anatoka kwenye 80, anaona nyumba za kijiji, na chini ya mwembe anaona sare nyeupe na tochi ya kupimia mwendo. Anakanyaga breki kwa nguvu ili aiepuke faini ya shilingi 30,000. Aliyemganda nyuma hakukiona kibao wala trafiki. Macho yake yalikuwa yamejaa bodi la gari la mbele. Tochi imesaidia sana kupunguza kasi za hovyo, na hatusemi iondolewe. Tunasema kwamba palipo na tochi ndipo breki za ghafla zinapofungwa, na kwa hiyo ndipo umbali kati ya gari na gari unapotakiwa kulindwa zaidi.

Haulindwi. Tochi inapima mwendo. Kifaa cha kufuatilia mabasi ambacho LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, inakisimamia, maarufu kama VTS, nacho kinafuatilia mwendo, na dereva akizidisha kinapiga kelele ndani ya basi. Dereva anayekwenda kilomita 79 kwa saa, akiwa ameliganda lori la mafuta mita sita nyuma yake kwenye mteremko wa Wami, ni mtu asiye na kosa katika kila kumbukumbu tuliyonayo. Hakuna kinacholia. Abiria 50 walio nyuma yake wamelala wakiamini kwamba kimya hicho maana yake ni usalama.

Tunaomba kila mwenye gari dogo, kabla ya kusafiri, akasimame nyuma ya semi-trela iliyoegeshwa na kuitazama vizuri. Kitako chake kiko usawa wa kioo cha mbele cha gari dogo. Chuma cha chini kinachotakiwa kuzuia gari lisiingie uvunguni mara nyingi utakikuta kimepinda au hakipo. Taa moja haiwaki, nyingine imefunikwa na tope. Gari dogo likiingia hapo, boneti inapita chini bila kugusa kitu cha maana, na pigo la kwanza linamfikia aliyekaa mbele, usawa wa kichwa. Mkanda hauwezi kuzuia kitu kinachoingilia kwenye kioo. Wakaguzi wa magari wanaobandika stika za Nenda kwa Usalama wanakiona chuma hicho kila siku, na tunashangaa kwamba matrela ya namna hiyo bado yanapita.

Madereva wana utetezi wao, na tumeusikia. Wa kwanza ni kwamba ukiacha nafasi, mtu anachomekea. Ni kweli, anachomekea. Lakini kila anayechomekea anakugharimu sekunde mbili au tatu tu, na wakichomekea kumi kutoka Chalinze mpaka Segera umechelewa nusu dakika. Utetezi wa pili ni kwamba lazima usogee ili uweze kuovateki. Huu ndio unaopotosha wengi, hasa vijana. Aliyeganda nyuma ya lori haoni chochote, ndiyo maana analazimika kutoa pua kila mara kwenye njia ya wanaokuja. Aliyekaa mita 40 nyuma anaiona barabara ya mbele akiwa bado kwenye upande wake, na nafasi ikipatikana anakuwa ameshashika kasi kabla ya kutoka. Madereva wa malori waliokomaa wanalijua hilo, na ni hao hao wanaokuwashia indiketa ya kulia kukuonya kwamba kuna gari linakuja. Ni wema mkubwa wa barabarani, ingawa uamuzi wa kupita unabaki kuwa wako, kwa macho yako.

Kwa anayegandwa, vishawishi viwili vinakuja haraka: kukimbia, au kumpigia breki aliye nyuma ili kumtia adabu. Vyote viwili vimezika watu. Ongeza nafasi kati yako na gari lililo mbele yako, ili ukilazimika kusimama usimame taratibu na yeye apate muda. Gusa breki mapema, kidogo kidogo, taa zako zimwamshe. Pakipatikana nafasi pana pembeni au kituo cha basi, washa indiketa ya kushoto, pisha, mwache aende. Heshima yako haipungui kwa kumpisha mtu ambaye hutamwona tena maishani.

Lakini hatuwezi kumwachia mzigo huu anayegandwa. Ujerumani, mabasi, na malori yanayozidi tani 3.5, yakipita kilomita 50 kwa saa kwenye barabara zao kuu yanatakiwa na sheria kuacha angalau mita 50, na zipo kamera kwenye madaraja zinazopima umbali huo. Ufaransa sheria inataka nafasi isiyopungua sekunde mbili, na kwenye barabara zao kuu mstari wa pembeni umechorwa kwa vipande virefu huku vibao vikimwambia dereva aache vipande viwili kati yake na aliye mbele. Kamera tunaweza kuzisubiri. Rangi hatuna sababu ya kuisubiri. TANROADS wanachora mistari kila mwaka; wachore pembeni alama nyeupe kila baada ya mita 40, waweke vibao vinavyosema kwa Kiswahili cha wazi kwamba alama moja isiyo na gari ibaki mbele yako, mbili mvua ikinyesha. Trafiki naye atapata kipimo cha kuonyesha dereva pale pale, kwa sababu leo akimkamata kwa kusogea mno watabishana mpaka abiria washuke. Kuendesha kwa uzembe ni kosa tayari; lisisubiri chuma kugusana na chuma.

Wamiliki wa mabasi nao wajitazame. Tunawajua mabosi wanaompigia dereva simu kumuuliza kwa nini basi la wenzake limeshapita Korogwe na yeye bado yuko Mkata. Simu ya namna hiyo inamsogeza dereva kwenye kitako cha lori kuliko haraka yoyote ya kwake. LATRA inapopitisha ratiba za mabasi ya nyongeza ya sikukuu, iweke humo muda wa kutosha kwa msongamano na mvua, na mmiliki atakayembana dereva afidie muda uliopotea afungiwe leseni yake ya njia.

Bado kuna muda. Tunataka alama za kwanza zionekane kati ya Chalinze na Segera, pamoja na vibao vyake, kabla mabasi ya sikukuu hayajaanza kutoka stendi ya Mbezi.