Mkuu Mmoja wa Polisi, Naye Afuate Sheria

Kabla ya 2010 Kenya ilikuwa na polisi wa namna mbili: Polisi wa Kenya chini ya Kamishna wao, na Polisi wa Utawala waliotumwa na Ma-DC na machifu. Mtu akipigwa na askari, hakujua ashtaki kwa bwana yupi. Katiba ya 2010 iliwaweka wote chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Ni jambo jema. Lakini marungu mawili yakishikwa na mkono mmoja, pigo huzidi uzito! Basi tukishike Kifungu cha 245: hakuna mtu, hata Waziri, awezaye kumwamuru mkuu huyo nani akamatwe, na agizo la Waziri sharti liandikwe. Wanachama, kifundisheni kila tawi.