Wazamiaji Wenzangu, Kunyweni Maji!

Nilipompigia mama simu kumwambia kwamba siku hizi nazamia, alinyamaza kwanza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Unazamia wapi tena, mwanangu? Kwani viza imekwisha?" Ikabidi nimweleze kwamba sizungumzii kuzamia meli kama vijana wa bandarini, bali ni kuingia majini na mtungi wa hewa mgongoni, kwa hiari yangu na kwa kulipa ada. Hilo nalo halikumfurahisha. Lakini kuna jambo sikumwambia, maana lina haya kidogo, na ndilo nataka kuwaambia ninyi ndugu zangu wa chama, hasa mliojiunga na klabu ya kuzamia mwaka huu. Ni habari ya haja ndogo.

Mtu aliyezoea maji ya Tanga au Mombasa hawezi kuliona tatizo. Kule suti ya mpira inaingiza maji, ukijisaidia humo bahari inachukua chake, na hakuna anayekuuliza. Hapa Uingereza tunavaa suti kavu. Imebana shingoni na viganjani, zipu yake haipitishi tone, na ndani yake umevaa manguo mazito ya joto. Ukijikojolea humo mkojo hauna pa kwenda. Nguo zikilowa hazishiki joto tena, na maji humnyang'anya mtu joto mara 25 hivi zaidi ya hewa. Katika nyuzi 6 hilo si suala la aibu peke yake.

Basi wengi wetu tunafanyaje? Hatunywi maji. Na tabia hii, jamani, hatukuifunzwa Ulaya. Aliyepanda basi la Dar kwenda Mwanza anajua: konda anasimamisha gari porini watu "wachimbe dawa", wanaume upande huu, akina mama upande ule na khanga zao. Mama zetu wengi huacha kunywa tangu jioni ya jana yake ili wasifikwe na adha hiyo. Sisi tumeibeba desturi ile ile mpaka ukingoni mwa maji baridi.

Mwenzenu yalinikuta Februari mwaka jana pale Stoney Cove, lile shimo la machimbo ya mawe huko Leicestershire lililojaa maji. Tangu usiku sikuwa nimenywa kitu, hata chai nilikataa. Nikazama dakika 40, na bado nikabanwa! Nilipotoka kichwa kilikuwa kinagonga, kigimbi kimekakamaa, nikatapika mbele za watu. Wakanilaza, wakanipa oksijeni. Mwalimu akaniuliza mara tatu, "Leo umekunywa nini?" Mara zote tatu nikamjibu, "Maji mengi tu." Yaani nilimdanganya mtu aliyekuwa anajaribu kujua kama nina mapovu ya naitrojeni mwilini au la, eti kwa sababu nilionea haya mkojo. Daktari hakukuta ugonjwa wa mapovu. Alikuta mtu aliyekauka.

Baadaye nilisoma kwa nini nilibanwa bila kunywa. Ukiingia majini, shinikizo la maji na baridi husukuma damu kutoka miguuni na mikononi kuja kifuani. Moyo ukitanuka hivyo, mwili hudhani una maji ya ziada, na figo huamriwa kuyatoa. Kwa hiyo utakojoa tu, umekunywa hukunywa. Tofauti ni kwamba asiyekunywa anatoa maji asiyokuwa nayo, na kukauka huko kunahesabiwa kati ya mambo yanayoongeza hatari ya mapovu.

Dawa yake ipo. Kwa wanaume ni mpira kama kondomu, ule ule wanaotumia wagonjwa hospitalini, unaungwa na mrija unaotoka nje kupitia vali pajani. Hapa uhandisi wangu ulinisaidia. Ukishuka, shinikizo huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila mita 10. Mrija ukibaki na hewa ya juu, utabanwa na kukunyonya mahali ambapo hutaki kunyonywa. Vali nzuri hujisawazisha yenyewe. Ile ya kawaida, kojoa kidogo mapema ili mrija ujae. Chagua saizi ya kweli, si ya kujisifu (wanaojisifu huvuja!). Hakikisha mrija haujakunjika, na ukirudi uoshe kwa dawa, la sivyo utaugua njia ya mkojo. Kina dada nao wana kifaa chao cha kubandika, ingawa dada mmoja wa Nairobi aliniambia yeye anavaa pampasi za watu wazima na hana habari. Kwa mizamo mifupi mimi naona yuko sahihi kuliko sisi wenye mirija.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya faragha, kila mtu ajijue. Sikubali. Klabu inatufundisha siku ya kwanza namna ya kutema mate kwenye miwani, tena mbele ya umati, ila ya mkojo mtu anaachiwa ayasikie kwa minong'ono kwenye maegesho ya magari. Mgeni aliyelelewa kwetu hatamuuliza mwalimu, sembuse mwalimu wa kike. Naomba viongozi walitaje siku ile ile ya kujaribishwa suti, kwa sauti ya kawaida, wanaume na wanawake pamoja.

Jumamosi ijayo tunakwenda tena. Nitakuwa na chupa ya chai ya tangawizi, na kwenye begi langu kuna mipira ya saizi tatu na pakiti ya pampasi. Mwenye kuhitaji aseme. Akiona haya, anitumie ujumbe wa simu Ijumaa usiku.