Maelezo ya Bunduki na Machozi ya Mama: Dozi Sahihi Kwenye Riwaya za Vita vya Anga

1.
Leo tunaupumzisha uji wa lishe na ratiba ya chanjo. Tuongee vitabu kidogo.

Wengi mna vijana wa miaka 15, 16 waliozama kwenye riwaya za vita vya anga za juu: askari ndani ya mavazi ya chuma, meli zinazoruka kutoka nyota moja hadi nyingine. Na baadhi yenu mnazisoma wenyewe, nawajua. Saa nane usiku mtoto yuko kwenye ziwa, simu iko mkono wa pili. Lalamiko ni moja: "Nesi, mbona kurasa nzima ni injini na bunduki tu? Hadithi iko wapi?"

Nina maoni yangu kwenye hili, tena makali kidogo. Vumilia hadi mwisho.

2.
Sisi manesi kabla ya kutoa dawa tunajiuliza: ni mgonjwa sahihi? Dawa sahihi? Dozi sahihi? Njia sahihi? Wakati sahihi? Ukikosea moja tu, dawa nzuri kabisa inaweza kumdhuru mtu.

Maelezo ya kitaalamu kwenye riwaya ni hivyo hivyo. Si adui wa hadithi. Wanaosema "ruka tu hizo kurasa" wanakosea, na wanaosema "kadiri maelezo yanavyozidi ndivyo kitabu kinavyokuwa bora" nao wanakosea. Kipimo changu ni hiki: je, maelezo haya yanaishia kwa mtu? Kwenye mwili wake, nyumba yake, au mtu anayempenda? Yakiishia kwenye chuma tu, basi dozi imezidi.

3.
Nikupe mfano. Mwaka 1974 Joe Haldeman, Mmarekani, alitoa riwaya inayoitwa The Forever War. Huyu bwana alisoma fizikia na elimu ya anga, kisha akapelekwa vitani Vietnam, akajeruhiwa. Kwa hiyo alikuwa na vyote viwili: hesabu kichwani na kovu mwilini.

Ndani ya kitabu kuna jambo la kitaalamu ambalo huwezi kulikwepa: ukisafiri kwa kasi inayokaribia ya mwanga, muda wako unakwenda polepole kuliko wa waliobaki nyumbani. Hii si uchawi, ni fizikia ya kweli. Mwanga unakwenda takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Meli ikifikia asilimia 99 ya kasi hiyo, mwaka mmoja ndani yake ni kama miaka 7 duniani.

Sasa iweke kimama. Unamwacha mtoto wa siku 40, unasafiri mwaka mmoja tu, unarudi unamkuta yuko darasa la kwanza na hakujui. Umeona? Fizikia imegeuka kidonda.

4.
Na ndivyo Haldeman alivyofanya. Askari wake, William Mandella, anarudi nyumbani. Kwake imepita miaka michache tu, duniani imepita zaidi ya 20. Mama yake amezeeka. Na dunia hiyo ina utaratibu wa kuwapangia watu alama za kustahili tiba. Mama kwa umri wake amepewa sifuri. Anaumwa, na hakuna daktari wa kumtazama. Anakufa.

Mimi kama nesi hapo niliweka kitabu chini kwanza. Zile kurasa za kasi na nyota, ambazo msomaji mwingine angeziita za kuchosha, kumbe zilikuwa zinatengeneza njia ya kufika kwenye kitanda cha huyu mama. Bila hesabu ile usingeelewa kwa nini kijana wake bado ni kijana, na kwa nini dunia aliyoipigania imekuwa ngeni kwake.

5.
Angalia na mavazi ya kivita. Haldeman anakueleza yanavyofanya kazi: yanampa askari nguvu nyingi kupita binadamu wa kawaida, lakini yakitumika vibaya yanamuua mwenyewe kabla adui hajafika. Askari wanakufa mazoezini! Na mguu ukiharibika vibaya, vazi lenyewe linaukata na kuziba kidonda ili mtu asife.

Unasoma ufundi wa vazi, lakini unachokiona ni mguu wa mtu. Hiyo ndiyo dozi sahihi.

6.
Sasa mfano wa dawa nzuri iliyotolewa wakati mbaya. David Weber aliandika On Basilisk Station, 1993, kitabu cha kwanza cha nahodha Honor Harrington. Mhusika safi kabisa, mwanamke anayeongoza meli ya kivita, na binti zetu wangempenda. Karibu na mwisho kuna mbio: meli inafukuza meli, roho iko mkononi. Katikati ya mbio hizo mwandishi anasimama, anaanza kueleza historia ndefu ya jinsi safari za anga zilivyogunduliwa.

Maelezo yenyewe si mabaya. Wapo wanaoyapenda, na Weber ana mashabiki wengi duniani. Lakini ni sawa na mama yuko kwenye uchungu, mtoto anatoka, halafu mkunga anaanza kumfundisha faida za kuhudhuria kliniki. Somo la kweli, saa siyo yake. Lingekuja mapema, kidogo kidogo, tungelimeza bila kujua.

7.
Na upande wa pili ni hatari zaidi, hapa ndipo wazazi tuamke. Kuna riwaya na filamu ambazo bunduki inaelezwa vizuri sana, risasi inafika umbali gani, inatoboa nini. Ikimfika mtu, mtu anaanguka tu, sentensi moja, tunaendelea. Kijana anafunga kitabu akiijua silaha lakini hajui jeraha.

Mwili wa mtu mzima una damu takribani lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, dakika chache tu zinatosha kuondoka na maisha. Anayenusurika anaweza kukaa miezi akijifunza upya kutembea, na nyumbani yupo mtu anayemwosha na kumgeuza. Mwandishi anayetupa ufundi wa silaha na kutunyima ufundi wa jeraha ametupa nusu ya ukweli. Na nusu hiyo ndiyo inayomfanya kijana aone vita ni mchezo.

Kwa hiyo sisemi maelezo yapungue. Nasema yaende mpaka mwisho wa safari, wodini.

8.
Ufanye nini basi? Kwanza, soma kabla yake. The Forever War ni cha watu wazima, kina ngono na dawa za kulevya, usimpe mtoto wa miaka 13. Kijana mkubwa akisoma, kaa naye, muulize maswali matatu:

– Hii mashine inamfanyia nini mtu aliye ndani yake?
– Huyu aliyepigwa, nani anamsubiri nyumbani?
– Ukifuta ukurasa huu wa ufundi, hadithi inapoteza nini?

Akijibu "haipotezi kitu," mwambie aruke bila aibu. Akijibu "sitaelewa kwa nini mama yake alikufa," jua mwanao amejifunza kusoma.

Na kwa mama uliyechoka, unayesoma hii huku unabembeleza: kitabu kile cha vita ya zaidi ya miaka 1,000 ukurasa wake wa mwisho hauna mlipuko wala bunduki. Ni tangazo dogo la gazeti kwamba mtoto wa kiume amezaliwa. Mwandishi aliyeijua vita kwa mwili wake aliona hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote. Nami nakubaliana naye.

Jumatano tunarudi kwenye homa za watoto. Usiku mwema.