Alama zako: uzianike au uzifunike?

Wiki hii naomba tuweke pembeni stori za mapenzi na disko, twende shule kidogo.

Nani asiyejua kimbembe cha siku ya matokeo hapa Bongo? Zamani yalibandikwa ubaoni shuleni, siku hizi yanamwagwa kwenye intaneti, lakini kasheshe ni ile ile. Kabla hujamaliza kutafuta namba yako, mama lishe wa kona ameshajua una divisheni gani. Mimi yangu ya fomu foo kinyozi alinipa pole kabla sijaiona. Kwetu alama hazifichiki.

Unyamwezini mambo ni tofauti. Kule vipo vyuo vinavyokwambia hivi: kama umefanya mtihani wa SAT, matokeo ni yako. Ukitaka tuoneshe, usipotaka kaa nayo, hatutakuuliza. Raha iliyoje! Lakini raha hiyo imemkosesha usingizi binti wa jirani yetu hapa Mbagala.

Binti huyu kamaliza fomu siksi kwenye shule ya serikali ya kawaida tu, na mama yake anauza vitumbua. Anaomba vyuo vya Marekani vyenye ufadhili, maana bila ufadhili hata nauli ya ndege ni ndoto. Kafanya SAT, kapata 1380 kati ya 1600. Jumamosi kanifuata kibarazani, uso kama wa mtu aliyeibiwa mshahara kwenye daladala.

"Kaka, nizitume au nizifiche?"

Nilicheka. Mtu ana 1380 halafu anaongelea kuficha! Kumbe mwenzangu ana hoja. Chuo anachokitaka kuliko vyote hakilazimishi alama, ila kimetangaza kuwa nusu ya wanafunzi wake, ile ya katikati, walipata kati ya 1450 na 1550. Wazee wa kijiwe wameshakata hukumu: "Ficha! Ukituma watakuona bongolala."

Ngoja tuelewane. Ruhusa hii si ya jana. Chuo cha Bowdoin kiliianza mwaka 1969, na Chuo Kikuu cha Chicago kikafuata mwaka 2018. Ilipoingia Korona mwaka 2020, vituo vya mtihani vikafungwa, vyuo vingi vikafanya hivyo hivyo. Upepo ulipotulia, wengine wakageuza: MIT ilitangaza Machi 2022 kuwa inazidai tena, Dartmouth Februari 2024, Harvard Aprili 2024. Chuo Kikuu cha California ndicho kilichokata mzizi kabisa: hata ukituma, hakizitazami wakati wa kuamua nani aingie.

Kwa hiyo nikamwambia, mdogo wangu, kwanza gawa vyuo vyako mafungu matatu. Vinavyodai alama, huna ujanja, tuma. Visivyozitazama, usijisumbue. Kichwa kiume kwa lile fungu la hiari tu. Na soma masharti ya mwaka unaoomba wewe, si ya mwaka aliosoma binamu ya rafiki yako, kwani haya mambo hubadilika kama bei ya nyanya.

Sasa ile 1450 mpaka 1550 isikutie mchecheto. Fikiria kidogo: kama kutuma ni hiari, nani anatuma? Wenye alama kubwa! Wenye ndogo wamezikalia kimya. Chuo kikipiga hesabu, kinahesabu zilizotumwa tu. Kwa hiyo namba zile zimevimba kama andazi lililozidiwa hamira, na wengi waliokubaliwa hawamo humo. Mwakani mwingine anaziona, anaogopa, anaficha zake, zinavimba tena.

Halafu kuna hili lililonigusa. Mwaka 2024 maprofesa wa Dartmouth walichambua maombi ya chuo chao. Wakakuta wapo waombaji wa familia zisizojiweza walioficha alama za kama 1400, wakidhani ni aibu, kumbe zingewasaidia kuingia. Kwa nini? Kwa sababu wapokea maombi huzipima alama na mahali zilikotoka. Hiyo 1400 ya mtoto aliyelipiwa mwalimu wa nyumbani si sawa na 1400 ya mtoto ambaye darasani kwao hiyo namba haijawahi kuonekana.

Nikamgeukia binti: "Wewe umejisomea wapi?"

"Kwenye simu ya mama, kaka, usiku akishalala."

"Basi yule ofisa kule Marekani hajui Mbagala iko wapi, wala shule yako haijui. Hiyo 1380 ndiyo itakayomweleza."

Lakini msinielewe vibaya, wasomaji. Sisemi kila mtu aanike. Kama alama zako ziko chini sana ya zile za chuo, na wenzako wa shule yenu wamepata zaidi, na ripoti yako ya darasani inang'aa kuliko SAT, funika bila kuona soo. Ruhusa wametoa wenyewe, si kughushi cheti. Ila soma vizuri ukurasa wa ufadhili, kwani vipo vyuo visivyodai alama ili uingie lakini vinazitaka kwa baadhi ya fedha. Unaweza kupata mlango, ukakosa nauli ya kuufikia!

Na usisahau kwamba ukificha SAT, kilichobaki kinabeba mzigo wote: matokeo ya shule, insha, barua za walimu. Kama hivyo navyo vinachechemea, hujaficha kitu.

Binti alikaa kimya muda mrefu, akitazama ile karatasi. Mwishowe akasema atatuma kwenye kile chuo anachokitaka. Kwenye kingine, ambako 1380 iko mbali mno na zao, na ambako insha yake imekaa bomba, atafunika. Wazee wa kijiwe wakaguna. Yeye akaenda kumsaidia mama kukoroga unga wa kesho.

Majibu ni mwezi Machi. Akikosa, mtanitukana mimi, nimekubali. Lakini atakosa akiwa ameonesha alichonacho, na siyo kwa sababu kijiwe kilimwambia 1380 ni aibu. Tukijaliwa uzima nitawapasha. Tchao!